Guniya Haiaminiwi, Hujaribiwa

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walisema kweli, lakini fundi wa milango hana raha na methali hiyo. Kwake yeye mlango ndio nyumba. Mlango usipofunga, mwenye nyumba hamwonyeshi mgeni sakafu wala dari. Humwonyesha mlango, na humtaja aliyeufanya.

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa, au aliyewahi kushuka gatini Lamu, amekwisha kuziona kazi za wazee. Ameona mbao nzito za mbambakofi au msaji, miimo iliyochorwa maua na minyororo, kizingiti cha juu chenye aya au mwaka wa Hijra, na katikati mfaa, ule ubao uliosimama unaoziba mahali pakutanapo mbao mbili. Watu huisifu nakshi. Ni wachache wanaouliza mafundi wale walijuaje kwamba kona ni kona. Nakshi humpendeza mtazamaji, lakini mlango hufunga kwa sababu ya kona iliyo mraba.

Basi leo hatusemi juu ya nakshi. Tunasema juu ya chombo ambacho hakisifiwi na mtu, nacho ni guniya. Wala si gunia la mchele. Ni guniya ya seremala, ile mikono miwili iliyoungwa ikafanya pembe mraba. Na hasa tunasema juu ya guniya kubwa, yenye mkono wa futi mbili au zaidi, ambayo maseremala wengi wa siku hizi hawana, na wengine hawaoni haja ya kuwa nayo.

Ugomvi barazani

Miaka kadhaa iliyopita dada yangu aliitengeneza upya nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu. Darini mlikuwamo mbao za mbambakofi ambazo baba alizihifadhi tangu sisi tungali watoto, akisema ni za mlango wa mbele, siku Mwenyezi Mungu akijaalia. Hakujaaliwa. Dada akaona sasa ndiyo siku yake, akamwita kijana mmoja fundi aliyekuwa ndiyo kwanza ameachana na mwalimu wake, anaanza kujitegemea.

Kijana alifanya kazi wiki tatu. Alikuwa na mkono mzuri, na randa yake iliuacha ubao laini kama kioo. Lakini siku ya kuutia mlango, mambo yakageuka. Mbao mbili zilikutana vizuri juu, na kila ziliposhuka zikaachana, hata chini pakabaki mwanya wa kupitisha kidole gumba. Kijana akaupiga randa huku, akaugonga kule, mwanya haukuondoka.

Shemeji yangu akakataa kumalizia malipo. Hilo lingeweza kusuluhishwa, ila jioni ile barazani likasemwa neno baya zaidi. Mtu mmoja alisema kwamba mbao zile hazikuwa pana vile hapo kwanza, na kwamba fundi amepunja. Msomaji anajua neno la namna hiyo linavyokwenda katika mitaa yetu. Likitoka barazani baada ya alasiri, kabla ya isha limekwisha kufika kila nyumba. Kwa fundi aliyeanza kazi mwezi uliopita, neno hilo lilitosha kumrudisha kuuza maji.

Siku ya pili alikuja mzee mmoja jirani yetu, seremala aliyekuwa amekwisha kuacha kazi kwa sababu ya macho. Tulidhani ataomba kuuona mlango. Hakuutazama.

"Mwanangu," alimwambia kijana, "nipe guniya yako."

"Hii hapa, mzee. Ni ya chuma, ya Ulaya."

"Sikukuuliza kabila lake. Nipe."

Ilikuwa guniya ndogo, mkono wake sentimita 15. Mzee akatwaa ubao wenye ukingo ulionyooka, akaiegemeza guniya ukingoni, akapiga mstari kwa ncha ya kisu. Kisha akaipindua guniya, iliyokuwa ikitazama kulia ikatazama kushoto, akapiga mstari wa pili kutoka nukta ile ile. Kama guniya ingekuwa ya kweli, mistari hiyo miwili ingelala mmoja juu ya mwenziwe. Haikulala. Mwisho wake iliachana kiasi cha milimita moja.

Ndipo kijana akakumbuka. Katika kazi iliyotangulia guniya ilimponyoka juu ya jukwaa, ikaanguka kwenye saruji. Aliiokota, akaifuta vumbi, akaendelea.

Iko methali isemayo mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na aghalabu huwa kweli juu ya mafundi wanaolaumu vyombo vyao. Safari hii jua lenyewe lilikuwa na kosa. Hata hivyo mzee hakumwacha kijana atoke hivi hivi. "Guniya ndiyo iliyosema uwongo," alimwambia, "lakini wewe ndiwe uliyeusadiki. Guniya haiaminiwi, hujaribiwa."

Hesabu ya milimita moja

Shemeji alicheka. Milimita moja, unene wa ukucha, ndiyo iliyofanya mwanya wa kidole gumba? Mzee akamjibu kwa hesabu, nayo ni hesabu ambayo kila seremala angefaa kuijua kwa moyo.

Kwanza, jaribio la kupindua huonyesha kosa mara mbili. Guniya ikiwa imepinda kidogo ndani, mstari wa kwanza hulala upande mmoja na wa pili hulala upande mwingine, na nafasi iliyo katikati ni jumla ya makosa yote mawili. Kwa hiyo kosa lenyewe la guniya ile lilikuwa nusu milimita katika sentimita 15.

Pili, kosa la pembe hukua kadiri mstari unavyorefuka. Mwimo wa mlango ule ulikuwa na urefu wa sentimita 210, yaani mara 14 ya mkono wa guniya. Nusu milimita mara 14 ni milimita 7. Kijana alipousimamisha mwimo wa kulia juu ya kizingiti cha chini, ulilala ndani milimita 7. Alipoipindua guniya kuusimamisha wa kushoto, nao ukalala ndani milimita 7. Kizingiti cha juu akakikata kwa kufuata miimo ilivyosimama. Jumla ni milimita 14: mlango mwembamba juu, mpana chini, na mbao zilizoninginizwa kwenye miimo hiyo zikafuata. Hapakuwa na wizi. Kila ubao ulipopimwa ulikutwa na upana wake kamili.

Sasa na tuseme kijana angekuwa na guniya ya mkono wa sentimita 60, nayo ina kosa lile lile la nusu milimita mwisho wake. Sentimita 210 ni mara tatu na nusu tu ya 60. Kosa lingekuwa chini ya milimita mbili kwa kila mwimo, na mfaa ungelificha. Hiyo ndiyo faida ya guniya kubwa. Fundi mwenye guniya ndogo hupiga mstari mfupi, kisha huurefusha kwa rula kwa kubahatisha, na kila anapourefusha hulirefusha na kosa. Guniya kubwa hukaa juu ya kazi yenyewe, na haimwachii fundi pa kubahatisha.

Tena guniya kubwa yenye kosa haiwezi kujificha. Ukiipindua na kupiga mistari miwili ya sentimita 60, utaiona nafasi kwa macho hata kama pembe imepotoka kidogo sana, mahali ambapo guniya ndogo ingeonyesha mstari mmoja tu na kukudanganya kwamba ni salama.

Neno lililosafiri

Chombo hiki ni cha kale mno. Mwaka 1886 huko Misri lilifunguliwa kaburi la Sennedjem, fundi mmoja wa kijiji cha Deir el-Medina walikokaa wachongaji wa makaburi ya wafalme, aliyeishi zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Miongoni mwa vitu alivyozikwa navyo mlikuwamo guniya ya mbao, pamoja na kipimo chenye timazi. Inaonekana hakutaka kuachana nayo.

Neno nalo limesafiri. Wayunani wa kale waliita pembe "gonia". Neno hilo likapita kwa Waajemi na Waarabu, likaja kwetu pamoja na jamaa zake wa karakana, kama vile bikari na randa. Seremala wa Pwani asemapo "lete guniya" anatamka neno ambalo lingefahamika Baghdad miaka elfu moja iliyopita.

Na tunajua kwamba lingefahamika, kwa kuwa lipo kitabuni. Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanachuoni wa hesabu na nyota aliyezaliwa mwaka 940 katika Khurasan na kufanya kazi yake Baghdad hadi alipofariki mwaka 998, aliandika kitabu cha elimu ya maumbo kwa ajili ya mafundi wa mikono. Hakuanza na mambo makubwa. Alianza na vyombo vitatu: rula, bikari na guniya.

Katika kitabu hicho anaeleza pia jinsi wanachuoni na mafundi walivyokuwa wakishindana juu ya kukata na kuunga maumbo. Kwa maoni yake pande zote mbili zilikosea: wanachuoni kwa sababu hawakuzoea kukata kitu kwa mikono yao, na mafundi kwa sababu waliridhika na lile lililoonekana sawa machoni bila ya kutafuta hoja. Ukiyasoma hayo utadhani alikuwapo barazani petu siku ile.

Guniya kubwa ya chuma inayouzwa madukani, yenye mkono mmoja wa inchi 24 na mwingine wa inchi 16, ni mgeni wa juzi. Huhusishwa na mhunzi wa Marekani, Silas Hawes, katika jimbo la Vermont, miaka ya 1810. Tangu hapo imeenea dunia nzima. Lakini kuwa ya chuma na kuwa na tarakimu zilizochapwa si dhamana. Iliyotoka dukani leo huenda ilianguka jana.

Kamba moja na msumari

Msomaji fundi atauliza: guniya kubwa ya kuaminika bei yake ni kubwa, nitaipata wapi? Jibu la mzee lilikuwa kwamba utaifanya mwenyewe. Siku ile ile alimfanyisha kijana, sote tukitazama.

Njia aliyotumia imo katika kitabu cha Abu al-Wafa, ingawa mzee aliipata kwa mwalimu wake wala si kitabuni. Piga mstari ulionyooka juu ya sakafu au ubao mpana. Chagua nukta unayotaka pembe iwe, tuiite ya kwanza. Twaa kamba isiyovutika, au ufito wenye misumari miwili, urefu wa sentimita 60. Kutoka nukta ya kwanza pima urefu huo juu ya mstari, utie nukta ya pili. Kisha kutoka nukta hizo mbili piga pinde mbili kwa urefu ule ule. Zitakutana juu ya mstari katika nukta ya tatu. Sasa toka nukta ya pili, pita katika ya tatu, uendelee mbele kwa urefu ule ule tena, utie nukta ya nne. Unga nukta ya nne na ya kwanza. Hiyo ni pembe mraba, na hukutumia guniya yoyote kuipata.

Sababu yake ni kwamba nukta ya tatu ni kitovu cha duara linalopita katika nukta zote nyingine, na mstari utokao nukta ya pili hadi ya nne hulikata duara hilo nusu kwa nusu. Pembe yoyote inayokaa katika nusu duara ni mraba. Huhitaji kupima digrii, wala kujua kusoma tarakimu. Kamba moja inatosha, madhali haivutiki.

Kwa kuhakikisha, tumia hesabu ya tatu, nne na tano. Pima sentimita 90 juu ya mkono mmoja na 120 juu ya mwingine. Kutoka ncha hadi ncha lazima ziwe 150 kamili. Zikizidi, pembe imefunguka; zikipungua, imejikunja. Fundi anaweza kutumia dhiraa, futi au kipande cha ufito, maadamu uwiano ni ule ule.

Kisha kijana akaunga guniya yenyewe kwa mbao tatu kavu, mkono mmoja sentimita 120 na mwingine 80, na ubao wa tatu ukakatiza kutoka mkono hadi mkono. Ubao huo wa kukatiza usidharauliwe. Mikono miwili peke yake hucheza kwenye kiungo. Zikiwa mbao tatu zilizoungwa pembetatu, haziwezi kwenda popote. Gundi ilipokauka, kingo za nje zikapigwa randa taratibu hadi zikalala sawasawa juu ya mistari iliyopigwa kwa kamba. Mwisho kabisa likaja jaribio la kupindua. Mistari ikalala mmoja juu ya mwingine.

Mlango ukasahihishwa kesho yake. Kwa kuwa kosa lilikuwa katika miimo na si katika mbao, hapakuwa na haja ya kuzigusa mbao za baba ila kwa kuzipitishia randa kidogo. Kizingiti cha chini kilipunguzwa mahali ndimi zake zinapoingia katika miimo, miimo ikasimama wima, na mwanya ukafa. Shemeji alilipa kilichobaki. Jioni alikwenda barazani mwenyewe, akasema mbele ya wale wale waliosikia neno la kwanza kwamba fundi hakupunja kitu. Hilo nalo lilikuwa kunyosha kitu kilichopinda, na sijui kama kazi yake ilikuwa nyepesi kuliko ya randa.

Chuma, mbao na hewa ya bahari

Wapo watakaosema guniya ya mbao haifai Pwani kwa sababu ya unyevu. Wana haki nusu. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa jua likiwaka, lakini huvimba kwa upana wake zaidi. Kwa urefu hubadilika kidogo mno. Guniya ya mikono myembamba, iliyofanywa kwa mbao zilizokauka vizuri na kupakwa mafuta au vanishi, hushika pembe yake, ila ijaribiwe mvua zikiisha. Chuma nacho hurefuka kwa joto, lakini mikono yote miwili hurefuka pamoja, na pembe hubaki ilivyo. Adui zake ni kutu na kuanguka. Kutu huzuiwa kwa kitambaa chenye mafuta. Kuanguka hakuna dawa ila kuijaribu tena kabla ya kuitumia.

Guniya ya chuma ikipotoka isitupwe. Ile ya bamba moja huweza kurudishwa kwa kugongwa kidogo kwa ncha ya chuma pale konani. Ukigonga karibu na kona ya ndani, chuma hutanuka hapo na mikono hufunguka; ukigonga karibu na kona ya nje, mikono hujikunja. Gonga mara moja, jaribu, kisha gonga tena. Mwenye haraka ataipitisha upande wa pili.

Fundi anayetia mlango katika nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa ana mtihani mwingine, kwa sababu kuta za zamani mara nyingi hazikunyoka. Akiufuata ukuta, mlango utapotoka. Guniya kubwa ikisimamishwa konani humwambia papo hapo lipi lililopinda, ukuta au mwimo. Mwimo na usimame kwa guniya na timazi. Nafasi itakayobaki na izibwe kwa chokaa.

Safu msikitini

Kazi ya guniya kubwa haiishi mlangoni. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini ya Mombasa, na kwa hiyo safu zetu za sala hulala mashariki na magharibi. Lakini viwanja vya mjini havikukatwa vyote kwa kufuata kibla, na iko misikiti ambayo kuta zake za ubavuni hazikubaliani na mihrabu. Atakayepiga mistari ya safu kwa kufuata ukuta wa ubavuni atawakosesha watu. Njia iliyo salama ni kupiga mstari wa kibla kwanza, kisha kutoa safu kutoka kwake kwa guniya kubwa au kwa kamba ya tatu, nne na tano. Katika safu ya mita 10, guniya ya sentimita 60 yenye kosa la nusu milimita hupotoka milimita 8 hivi. Ile ndogo ya sentimita 15 yenye kosa hilo hilo hupotoka milimita 33.

Kila Mwislamu anajua onyo lililomo katika Sura al-Mutaffifin juu ya wanaopunguza vipimo, na aghalabu tunapoisikia tunamfikiria muuza mchele na mizani yake. Sijawahi kusikia ikitajwa karakanani. Hata hivyo seremala naye anauza kwa kipimo, na mnunuzi wake hana njia ya kujua mpaka mlango ukatae kufunga.

Kijana yule leo ana karakana yake na wanafunzi wawili. Ubao ule wa mzee, wenye mistari miwili iliyoachana milimita moja, umetundikwa ukutani juu ya meza ya kazi. Chini yake imetundikwa guniya kubwa ya mbao, sasa imekuwa nyeusi kwa mafuta na mikono. Mwanafunzi akifika asubuhi, kabla ya kugusa msumeno, huiangua, hupiga mstari, huipindua, hupiga wa pili. Haichukui muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Fundi msomaji, nawe ukiamka kesho, kabla hujaukata ubao ambao hautapatikana tena, fanya hivyo hivyo na guniya yako, hata kama ni ya Ulaya.